Mafunjo Yakiungua, Nani Huhesabu Vyura?

Kiangazi kinapokolea, kati ya Januari na kuanza kwa mvua ndefu mwezi Machi, moshi hupanda mara kwa mara kwenye kingo za Ghuba ya Winam. Unaweza kutokea upande wa Dunga, kwenye mdomo wa Mto Nyando au kule Kusa, Nyakach. Mafunjo makavu, ambayo wengi hapa huyaita togo, hushika moto upesi. Kwa saa chache tu, kinamasi kilichokuwa kijani hubaki cheusi.

Hasara nyingine hujulikana kesho yake. Msusi wa mikeka anajua amekosa mizigo mingapi ya mafunjo. Mvuvi anajua kama mitego yake imeungua, na mwenye shamba kando ya kinamasi anajua moto ulikomea wapi. Lakini ipo hasara isiyoandikwa kwenye daftari lolote: vyura, ndege na wanyama wengine waliokuwa wakiishi humo. Walikuwa wangapi kabla ya moto? Ni wangapi waliorudi mvua iliponyesha? Bila hesabu iliyofanywa mapema, hakuna anayeweza kujibu.

Hesabu hiyo ni kazi ya utafiti, na utafiti hugharimu fedha. Makala haya yanaeleza moto hufanya nini kwa vyura na viumbe wengine wa mafunjo, kwa nini fedha za kuchunguza jambo hilo ni adimu, zinapatikana wapi, na mkazi wa kawaida ana nafasi gani katika kazi hiyo.

Kwa nini mafunjo huchomwa

Moto mwingi wa kinamasini huwashwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ana sababu. Kuna anayesafisha mahali pa kupanda mahindi, mboga au nduma. Kuna mfugaji anayetaka machipukizi laini kwa ng'ombe wake malisho ya nchi kavu yanapoisha. Wengine huchoma ili kufungua njia ya kufikia maji, au kuwatoa wanyama mafichoni. Na kuna moto wa bahati mbaya: kipande cha sigara, tanuri la makaa lililoachwa bila mtu, au moto wa shambani uliosukumwa na upepo wa ziwani.

Moto huo huja juu ya eneo ambalo tayari limepungua. Uchunguzi wa Owino na Ryan, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1969 na 2000 Dunga ilipoteza asilimia 50 ya mafunjo yake, Koguta asilimia 47 na Kusa asilimia 34. Moto si sababu pekee. Kilimo na uvunaji wa kupita kiasi vimechangia pia. Lakini kinamasi kinapokuwa kidogo, kila moto huchukua sehemu kubwa zaidi ya kile kilichobaki, na wanyama hubaki na mahali pachache pa kukimbilia.

Moto hufanya nini kinamasini

Mafunjo yenyewe hayafi kwa urahisi. Shina lake nene hutambaa chini, ndani ya maji na tope, na moto wa juu haulifikii. Maji yakiwepo, machipukizi hutoka baada ya siku chache, na mmea unaweza kurudia kimo chake katika muda wa miezi sita hadi mwaka mmoja. Ndiyo maana watu wengi huona kwamba kuchoma hakuna madhara: mwaka ujao mafunjo yapo tena.

Mambo hubadilika maji yanapokuwa yameshuka. Chini ya mafunjo kuna tabaka la majani na mizizi iliyooza kwa miaka mingi. Likikauka, tabaka hilo nalo huungua, chini kwa chini, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Hapo moto hulifikia shina lililojificha. Mafunjo yakiungua hadi chini, mahali pake huingia nyasi za kawaida au jembe.

Kwa chura, tatizo huanza mapema zaidi. Ngozi ya chura hupitisha maji na hewa, kwa hiyo anahitaji unyevu na kivuli muda wote. Moto ukiondoa majani, jua hupiga tope moja kwa moja, maji ya madimbwi hupata joto na jivu huoshwa kuingia mlemle walimo viluwiluwi. Vyura wadogo wanaoishi juu ya mafunjo na matete hupoteza pia mahali pa kupumzika mchana na pa kuitana usiku.

Viumbe wengine hupata shida ya aina hiyo. Nzohe, swala wa kinamasini anayepatikana Dunga, hujificha ndani ya mafunjo mchana. Kuna pia ndege wasioishi karibu mahali pengine popote isipokuwa humo. Anayejulikana zaidi ni yule mweusi mgongoni, mwekundu kifuani na wa manjano utosini, ambaye wataalamu humwita Laniarius mufumbiri. Wageni hufika Dunga kwa ajili yake, na waongozaji wa watalii hupata riziki. Mafunjo yakiungua, ndege huyu hana pa kuhamia.

Chura anayeusikia moto

Kuna jambo moja la kushangaza ambalo utafiti umelibaini kuhusu vyura na moto. Mwaka 2002 wanasayansi waliofanya kazi katika Hifadhi ya Taifa ya Comoé, nchini Côte d'Ivoire, walichapisha matokeo ya jaribio lao kuhusu chura mdogo wa matete, jamaa wa karibu wa vyura wa matete wanaoitana usiku kandokando ya Ziwa Victoria. Chura huyo hupitisha kiangazi akiwa ametulia tuli kwenye mimea mikavu. Watafiti waliwachezea vyura hao sauti iliyorekodiwa ya moto wa nyasi. Waliposikia mchakato wa moto, vyura waliamka na kukimbilia mahali penye kinga.

Comoé ni nchi ya nyasi inayoungua karibu kila mwaka, na chura wa huko ameishi na moto kwa vizazi vingi. Swali kwa Kisumu ni hili: je, chura wa kinamasi au wa msitu wenye unyevu, ambaye wazazi wake hawakuzoea moto, naye ana tahadhari hiyo? Na akikimbia, kuna mahali pa kujificha katika kinamasi kilichozungukwa na mashamba? Majibu hayawezi kuazimwa kutoka Côte d'Ivoire. Lazima yatafutwe hapa.

Kwa nini chura ahesabiwe

Wapo watakaouliza kwa nini fedha zitumike kwa ogwal wakati hospitali na barabara zinasubiri. Ni swali la haki, na lina majibu mawili.

La kwanza linahusu afya. Vyura na viluwiluwi ni sehemu ya maisha ya madimbwi ambamo mbu huzaliana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu Costa Rica na Panama ulionyesha kwamba vyura walipopungua sana kwa sababu ya ugonjwa wa kuvu, visa vya malaria viliongezeka katika miaka iliyofuata. Mbu na vyura wa huko si wa hapa, kwa hiyo matokeo hayo hayathibitishi kitu kuhusu Kisumu. Lakini kwa kaunti iliyo katika ukanda wa ziwa, ambako malaria ni ya mwaka mzima, ni sababu ya kutosha ya kutaka kujua.

Jibu la pili ni kwamba kiumbe asiyehesabiwa hutoweka bila taarifa. Vyura wengi wa vinamasi vya Kisumu bado ni wa kawaida, lakini eneo la magharibi ya Kenya lina mfano wa kusikitisha. Kwenye vijito vya misitu ya Mlima Elgon aliishi chura aitwaye Arthroleptides dutoiti, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1935. Mara ya mwisho kuonekana kwake kuthibitishwa ilikuwa mwaka 1962. Leo yumo katika Orodha Nyekundu ya shirika la IUCN miongoni mwa spishi zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na huenda ameshatoweka. Kwa kuwa hakukuwa na hesabu za mfululizo, haiwezekani tena kusema ni ukataji wa misitu, moto, ugonjwa au jambo jingine lililomwondoa.

Linganisha na chura wa Kihansi, kule Tanzania. Huyu aligunduliwa mwaka 1996, wakati bwawa la umeme lilipokuwa likijengwa juu ya maporomoko aliyoishi chini yake. Kwa sababu watafiti walikuwepo na walikuwa wakimhesabu, ilijulikana upesi kwamba anapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kulelewa. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena, na mwaka 2012 vizazi vya wale waliolelewa vilianza kurudishwa Kihansi. Serikali ya Tanzania ilifanya kazi hiyo kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia. Njia ilikuwa ndefu na ya gharama, lakini iliwezekana kwa sababu mtu alikuwa na hesabu mkononi mapema.

Karibu zaidi na Kisumu kuna Msitu wa Kakamega. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2010, Wizara ya Elimu na Utafiti ya Ujerumani iligharamia mradi wa BIOTA Afrika Mashariki, uliochunguza mimea na wanyama wa msitu huo. Wakati wa kazi hiyo, wanasayansi wa Ujerumani pamoja na Beryl Bwong wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walimtambua chura wa mitini ambaye hakuwa amewahi kuelezwa, na mwaka 2006 wakampa jina Leptopelis mackayi. Msitu huo ulikuwa ukitembelewa na wataalamu kwa miongo kadhaa, na bado chura huyo hakuwa na jina hadi fedha zilipopatikana za kukaa, kutafuta na kulinganisha.

Kwa nini fedha ni adimu

Kupima athari za moto kwa vyura si kazi ya siku moja. Mtafiti anahitaji sehemu zilizoungua na sehemu ambazo hazijaungua, na anahitaji kuzipima zote kabla na baada ya moto. Bila hivyo hawezi kujua kama vyura walipungua kwa sababu ya moto au kwa sababu mvua ilichelewa mwaka huo. Vyura huhesabiwa usiku, wanapoitana, kwa hiyo kunahitajika mashua, tochi za kichwani, buti, vinasa sauti na wenyeji wanaojua viboko hupita wapi. Na kazi lazima ichukue zaidi ya msimu mmoja.

Hapo ndipo penye kikwazo kikubwa. Moto hausubiri ombi la fedha lijibiwe. Ombi la ruzuku huandikwa, hupitiwa na wataalamu na hukaa miezi kabla ya uamuzi. Fedha zikifika, mafunjo yameshaota tena na ushahidi umepotea. Marekani ina utaratibu wa kukabiliana na hilo: Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo, NSF, hutoa ruzuku za haraka zinazoitwa RAPID kwa ajili ya data itakayopotea isipokusanywa mara moja. Australia nayo, baada ya moto mkubwa wa mwaka 2019 na 2020, ilitenga dola milioni 200 za nchi hiyo kuwarejesha wanyama na makazi yao.

Kenya ina msingi wa kisheria wa kufadhili sayansi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti, NRF, na kuweka lengo la kuitengea asilimia 2 ya pato la taifa. Matumizi ya nchi kwa utafiti hayajafikia hata asilimia moja. Katika kugawana kidogo kilichopo, mazao, magonjwa ya binadamu na mifugo hutangulia. Chura wa kinamasini husubiri nyuma.

Milango iliyopo

Hata hivyo, utafiti wa aina hii hauhitaji mamilioni mengi, na kuna milango ambayo mwanafunzi au kikundi kutoka Kisumu kinaweza kubisha.

NRF hutoa ruzuku kupitia miito ya maombi inayotangazwa, ikiwemo ya wanafunzi wa shahada za juu. Anayekusudia kuomba anashauriwa kuwa na wazo lililoandikwa tayari kabla mwito haujatoka.

Wakfu wa Rufford, wa Uingereza, hutoa ruzuku ndogo kwa wahifadhi wanaoanza kazi katika nchi zinazoendelea. Anayetumia vizuri ruzuku ya kwanza na kuwasilisha ripoti anaweza kuomba ya pili.

Mfuko wa Mohamed bin Zayed wa Uhifadhi wa Spishi, wenye makao Abu Dhabi na ulioanza kazi mwaka 2008, hutoa hadi dola 25,000 za Marekani kwa mradi unaomlenga kiumbe mahususi, wakiwemo vyura.

Wataalamu wa kumwongoza mwombaji hawako mbali. Kuna Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, kituo cha KMFRI cha Kisumu na kituo cha KEFRI kilichoko Maseno.

Mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Serikali ya Kenya pamoja na Benki ya Dunia na washirika wengine, hupeleka fedha za mabadiliko ya tabianchi kupitia kaunti hadi kwenye wadi. Fedha hizo ni za hatua za kukabiliana na tabianchi, si za utafiti wa vyura. Lakini jamii ikichagua kulinda kinamasi kama mradi wake, hesabu ya viumbe kabla na baada inaweza kuwa njia ya kupima kama mradi umefaulu.

Mtafiti akifika kijijini

Kila anayefanya utafiti nchini anatakiwa kuwa na leseni ya NACOSTI. Utafiti wa wanyamapori unahitaji pia idhini ya taasisi zinazohusika na wanyamapori, na anayetaka kuchukua sampuli kwa ajili ya matumizi ya vinasaba anahitaji kibali cha NEMA na ridhaa ya jamii husika. Mkazi au kamati ya ufuo, BMU, ina haki ya kuomba kuonyeshwa karatasi hizo kwa heshima.

Ni vyema pia kuuliza swali moja kabla ya kazi kuanza: matokeo yatarudi lini, na kwa lugha gani? Ripoti inayobaki kwenye maktaba ya mbali haimsaidii msusi wa Dunga wala mkulima wa Kusa.

Mkazi anaweza kufanya nini

Kwanza, kuzuia. Anayelazimika kusafisha shamba karibu na mafunjo akate na kurundika badala ya kuchoma, au aache ukanda mpana uliofyekwa kati ya shamba na kinamasi. Upepo wa mchana ni adui, na kiangazi kikali si wakati wa kuwasha moto wowote kando ya togo.

Pili, kutoa taarifa. Katiba ya Kenya, katika Jedwali la Nne, inaziweka huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga chini ya serikali za kaunti. Moto ukionekana, mjulishe chifu, msimamizi wa wadi au ofisi ya zimamoto, au piga nambari za dharura 999 au 112. Usiingie ndani ya mafunjo yanayoungua. Moto huo hugeuka ghafla.

Tatu, kuandika. BMU, shule au kikundi cha wasusi kinaweza kuwa na daftari la moto: tarehe, mahali, ukubwa wa eneo, kama tope lilikuwa na maji au kavu, na siku machipukizi yalipotokea. Picha ya simu iliyopigwa mahali palepale kila mwezi hutosha kuonyesha mabadiliko. Sauti za vyura pia hurekodiwa kwa simu. Nchini Australia, Jumba la Makumbusho la nchi hiyo lilianzisha programu ya FrogID mwaka 2017 ili wananchi watume sauti za vyura. Baada ya moto wa mwaka 2019 na 2020, rekodi hizo za raia ndizo zilizowasaidia wanasayansi kujua mapema ni vyura gani walikuwa bado wanaitana katika maeneo yaliyoungua. Hesabu ya kabla ya moto ilikuwepo kwa sababu watu wa kawaida walikuwa wameshaianza.

Nne, kusema kwenye vikao vya bajeti. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karatasi ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya kusikiliza wananchi hufanywa kabla ya hatua hizo. Anayetaka ulinzi wa vinamasi, vifaa vya kuzima moto au ushirikiano na vyuo vikuu uingie kwenye mipango, hapo ndipo pa kulitaja, kwa maandishi ikiwezekana, akitaja wadi na kinamasi kwa jina.

Daftari kama hilo lina faida moja zaidi. Mwombaji wa ruzuku anapoweza kuonyesha rekodi za misimu miwili au mitatu zilizokusanywa na wenyeji, ombi lake huanza likiwa na kitu mkononi. Gharama ya kuanza ni kalamu, daftari na simu. Mvua ndefu zikianza na vyura wakianza kuitana, usiku mmoja wa kusikiliza kwenye ukingo wa Dunga au Kusa unaweza kuwa ukurasa wa kwanza.